Timu 34, kila moja na njia yake ya kupeleka programu produksheni (seva zinazohudumia wateja). Nianzie wapi wakuu?

Mpakatishaji:
Wakuu habari za leo, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi. Nipo taasisi moja ya fedha hapa Dar, jina naliacha, tuna timu 34 za madevelopa, wapo wa Java, wapo wa PHP, wapo wa apu ya simu, na wapo wazee wa sistimu kuu ya akaunti ambayo hakuna anayetaka kuigusa. Bosi kaniita kaniambia anataka paipulaini moja (njia ya kiotomatiki ya kupitisha programu toka kwa developa mpaka kwa mteja) taasisi nzima, miezi sita, nimpelekee mpango.

Kwa sasa rilizi (kutoa toleo jipya) ni Jumamosi usiku, mara moja kwa mwezi. Mtu anabildi (anageuza kodi, yaani maandishi ya programu, kuwa faili za kuendesha) kwenye laptopu yake, anakopi faili seva ya kwanza, anakuja ya pili, ya tatu, huku wote tupo grupu la WhatsApp, yeye anaandika "tayari" mwingine anatiki kwenye Excel. Mwezi wa tatu seva moja kati ya nne ilisahaulika. Jumapili asubuhi wateja wakifungua apu wanaona salio hili, wakifungua tena wanaona lingine. Mama mmoja alipiga simu analia, anajua kaibiwa hela ya ada ya mtoto, na simu yake niliipokea mimi. Sitaki ijirudie.

MzeeWaSeva:
Pole sana mkuu. Seva kusahaulika kumeua kampuni kubwa kuliko yenu. Knight Capital ya Marekani, kampuni ya biashara ya hisa, tarehe 1 Agosti 2012, walikuwa na seva 8, toleo jipya likawekwa kwenye 7, ya nane ikabaki na kodi ya zamani iliyolala miaka mingi, na toleo jipya lilikuwa linatumia swichi ileile iliyokuwa inaiamsha hiyo kodi. Soko kufunguliwa tu ikaanza kumwaga oda za hisa, dakika kama 45 hasara imepita dola milioni 440.

Ila usikimbilie kununua zana. Chukua badiliko moja dogo, hata la kurekebisha neno kwenye skrini, ulifuate kwa daftari tangu developa alipomaliza mpaka mteja alione, andika kila lilipokaa na lilikaa kwa nani. Mimi nilifanya hivyo nilipokuwa kazi yangu ya zamani, likachukua siku 23, kazi yenyewe haikufika masaa manne, siku zote zilizobaki lilikuwa linasubiri saini. Sasa hapo hata ungeweka Jenkins (zana ya kuendesha paipulaini) ya dhahabu ingesaidia nini?

Binti_Linux:
Naongezea hapo kwa mzee. Ukizilazimisha timu zote 34 paipulaini moja watakuitikia vizuri mkutanoni, usiku wanapita njia ya panya. Sisi huku Nairobi yalitukuta. Kilichotuokoa ni kuandaa vipande vya pamoja, cha kubildi, cha kutesti, cha kuskani usalama, cha kudiploi (kuweka programu kwenye seva), timu inachukua inachohitaji inaunganisha kwa mistari michache kwenye GitLab (mfumo wa kutunza kodi na kuendesha paipulaini), mtu anaona bora atumie chetu kuliko kuandika chake. Yasiyo na mjadala yakawa machache tu: paketi (programu iliyokwishabildiwa) inabildiwa mara moja, na hiyohiyo ndo ipite testi na UAT (majaribio ya watumiaji) mpaka produksheni, isibildiwe tena njiani. Hakuna kuingia seva kwa mkono. Na kurudi toleo la nyuma kuwe kumejaribiwa kabla, sio kunajaribiwa saa nane usiku watu wanatetemeka.

fundi_data:
Databezi mmeisahau wakuu! Paketi utairudisha, kolamu (safu ya data kwenye jedwali) uliyoifuta hairudi. Ongeza kolamu mpya, ya zamani iache palepale, toleo jipya liandike kote kuwili, hamisha data taratibu, ya zamani ifute rilizi za mbele ukishahakikisha hakuna anayeisoma.

Mpakatishaji:
Aisee asanteni. Hapa watu wa ukaguzi wanataka aliyeandika kodi asiwe ndo anayeipitisha, nikiwaambia itadiploi yenyewe si watanirudishia mpango?

MzeeWaSeva:
Waite leo, usiwapelekee kitu kimeshaiva. Mkaguzi anatafuta ushahidi, na ile tiki ya Excel hata mimi naweza kuiweka kesho yake. Paipulaini igome kabisa kodi ambayo mwenzako hajaipitia, na logi ioneshe nani kaandika, nani kapitisha, saa ngapi, paketi ipi, ipo seva zipi. Kwetu wakaguzi ndo wakawa wanatutetea kwa mabosi.

Na usifungulie wateja wote mara moja, anza na wafanyakazi wenu, kisha wateja wachache, angalia, ndo uendelee. Ile faili mbovu ya CrowdStrike (kampuni ya usalama wa kompyuta) ya tarehe 19 Julai 2024 iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 kwa sababu ilitoka kwa wote kwa mkupuo.

Mpakatishaji:
Sawa mzee wangu. Jumatatu naanza na timu ya salio, wao wenyewe wamechoka kukesha Jumamosi, daftari nimeshanunua. Bosi nitamwomba miezi sita iwe ya timu tatu, sio 34, na wazee wa sistimu kuu nitawaendea mwisho. Dada Binti_Linux nimekuja PM, naomba nione hicho kipande cha kudiploi kilivyoandikwa.

Binti_Linux:
PM nimeiona, nakutumia jioni nikitoka kazini.