Naomba ushauri: kasha la mbao lenye mapambo ya shaba, ni la zamani kweli au la juzi?

Wakuu, habari zenu. Kuna kasha la aina ya Zanzibar limepatikana kwa bei ya mbao tu, naomba msaada wa kulisoma.

Ni la msaji, urefu sm 112, droo tatu chini, ndani kushoto kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko. Misumari ni ya shaba njano yenye vichwa vya duara. Bati la mbele limekatwa tausi wawili wanaotazamana, katikati yao ua la petali nane.

Nimepitisha sumaku: inashika misumari 9 tu, yote kona moja ya kifuniko. Shaba haishikwi na sumaku, kwa hiyo hiyo ni ya chuma na hapo naona palitengenezwa upya. Skrubu za bawaba zina ncha butu, na zenye ncha kali zilienea katikati ya karne ya 19. Lakini skrubu kuukuu huhamishwa, sizitegemei sana. Chini ya droo alama za msumeno zimenyooka, si za upinde wa msumeno wa duara. Kinachonitia shaka ni rangi: sakafu ya ndani ni nyeusi sawasawa hadi kwenye pembe, na mafundi wa makasha mapya hupaka oili chafu. Pamba yenye spiriti ilitoka kahawia.

Maswali mawili:

Ni wapi pengine pa kuchungulia, pasipoguswa na rangi?

Na tausi hao, ni dalili ya kazi ya Gujarat huko India, au ni pambo tu lililoigwa hata na mafundi wa Unguja na Lamu?