Msimu wa maembe umefika na binti yangu hataki tena wali: je, matunda mengi ni afya kwa mtoto?

MamaPongwe

Ndugu zangu, habari za leo, na wakubwa shikamooni. Ninaishi nje kidogo ya mji wa Tanga, na uani kwetu kuna miembe miwili, mmoja wa dodo na mwingine wa sindano. Tangu maembe yalipoanza kuiva, binti yangu mwenye umri wa miaka minne na nusu amekuwa mtu wa chini ya mwembe: anaamka na embe, akirudi kutoka chekechea anaulizia embe, na ikifika saa ya chakula cha mchana anasogeza pembeni sahani ya wali na maharage akisema ameshiba. Nimejaribu kuhesabu kokwa anazoziacha barazani. Kwa siku ya kawaida huwa tano, na Jumapili iliyopita nilikuta nane. Asipokula embe zima humsagia juisi na kuichuja, kwa kuwa niliamini kwamba juisi ya nyumbani isiyotiwa sukari haiwezi kuwa na ubaya wowote.

Kinachonisumbua ni maneno yanayopingana. Mama mkwe wangu anasema maembe yatamletea mtoto homa na minyoo. Jirani yangu anasema matunda ni dawa, nimwache ale. Mimi mwenyewe nimesoma kwamba sukari nyingi haifai kwa watoto, na dodo lililoiva mtini lina utamu ambao sijui nilinganishe na nini. Wiki iliyopita mtoto alipata choo laini mara tatu kwa siku, ingawa alikuwa akicheza kama kawaida. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama nimwekee mpaka, na mpaka huo uwe wapi.

AfisaLisheMstaafu

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kuhesabu kokwa, kwa sababu wazazi wengi walikuwa wakituletea neno "nyingi" peke yake, nasi tukabaki kukisia.

Nianze na sukari, ambayo ndiyo hofu ya wengi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari huru isifikie asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na likaeleza kwamba sukari huru ni ile inayoongezwa na kiwanda, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na ile iliyomo katika asali, shira na juisi ya matunda. Sukari ya tunda zima haikuhesabiwa humo. Embe linalotafunwa lina nyuzinyuzi, lina maji mengi, na humchukua mtoto muda kulimaliza, hivyo sukari yake huingia katika damu polepole. Unapolisaga na kulichuja, nyuzinyuzi hizo unazitupa pamoja na makapi, na utamu wa maembe matatu unaingia katika bilauri moja inayonywewa kwa dakika mbili. Hii ndiyo sababu juisi ya nyumbani, hata ikiwa haikutiwa kijiko cha sukari, inahesabiwa kundi moja na vinywaji vitamu.

Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, na wa miaka 6 hadi 9 angalau gramu 350. Zingatia neno "angalau", na zingatia pia kwamba mchicha na matembele vimo katika hesabu hiyo.

Kilichonishtua katika maelezo yako ni ile sahani ya wali na maharage. Tuchukue kwamba kila embe lina gramu 150 za nyama, na kwamba anakula matano. Humo atapata takriban kilokalori 450, vitamini C ya kutosha na kubaki, na vitamini A nzuri sana, lakini protini haitazidi gramu 6, ilhali mtoto wa umri wake anahitaji takriban gramu 19, na madini ya chuma yatakuwa kama miligramu 1 tu katika 10 anazohitaji. Tumbo la mtoto ni dogo. Likishajazwa embe, maharage hayana pa kukaa. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki moja haina neno, lakini ikiendelea msimu mzima, hasa kwa mtoto ambaye damu yake tayari ni ndogo, itaonekana kwenye mstari wa ukuaji katika kadi ya kliniki.

Nchi yetu inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022, takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu, na Iringa na Njombe, mikoa yenye mahindi, viazi na maparachichi ya kuuza hadi ng'ambo, ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni kwamba mtoto hushibishwa kitu kimoja kilicho kingi nyumbani.

Kwa hiyo, usilifukuze embe. Lihamishe tu. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, basi mpe vipande vya embe pamoja na chakula au mara baada yake, na chai ya rangi muiweke mbali na mlo, kwa kuwa hiyo huzuia ufyonzaji huo.

WaMiembeni

Kwa heshima zote, naona tunamtisha mama wa watu. Sisi tulikulia Muheza, tukala machungwa na maembe bila ya kuhesabiwa, na hakuna aliyedumaa. Siku hizi kila kitu ni gramu.

AfisaLisheMstaafu

Ndugu yangu, nami nilikula hivyohivyo. Lakini kumbuka kwamba mlikula mkiwa mnakimbia huku na huko, na jua lilipotua mlirudi kwenye ugali na dagaa, na hakuna aliyeruhusiwa kusema ameshiba. Tena wale ambao hawakukua vizuri hatuwakumbuki, kwa sababu wakati huo ufupi wa mtoto tuliuita ukoo.

MuuguziZamuYaUsiku

Niongeze machache kuhusu homa na minyoo, kwa kuwa maneno ya mama mkwe tunayasikia kila mwaka wodini. Katika pwani ya Tanga maembe huiva wakati wa mvua za vuli na muda mfupi baada yake, ambapo madimbwi yamejaa na mbu wamezaliana. Mtoto anakula embe jioni, anaumwa na mbu usiku, na siku kadhaa baadaye homa inapopanda, anayelaumiwa ni embe. Malaria huambukizwa na mbu aina ya Anofelesi, basi chandarua kitamsaidia kuliko kumnyima tunda. Akipata homa, msisubiri msimu upite, apimwe.

Kwa upande wa minyoo, bibi amekosea sababu lakini hofu yake ina msingi. Utamu hauzai minyoo. Mayai ya minyoo hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, na embe lililookotwa chini likapanguswa kwenye gauni huyaingiza moja kwa moja mdomoni. Lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kumenywa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Hicho choo laini nacho kina maelezo. Embe lina fruktosi nyingi, yaani sukari ya asili ya matunda, na utumbo wa mtoto una kikomo cha kuifyonza. Inayobaki huvuta maji na kulegeza choo, na juisi hufanya hivyo kwa haraka zaidi. Mkipunguza, kwa kawaida choo hurudi hali yake. Hata hivyo, mkiona damu, homa, kutapika, macho yaliyodidimia au mtoto aliyelegea, hayo si ya embe tena, mpelekeni kituoni. Vilevile msishangae viganja vikigeuka njano kidogo, kwani ni rangi ya tunda yenyewe. Weupe wa macho ukigeuka njano, hapo ni ugonjwa wa manjano na mtoto aonwe.

BabaMapacha

Mimi nimejifunza kuhusu juisi kwa gharama ya meno ya wanangu. Tulikuwa tukiwalaza na chupa ya juisi ya pasheni, tukijisifu kwamba hatuwapi soda, na walipofika miaka mitatu meno ya mbele yalikuwa yameshaanza kuoza. Daktari wa meno alitueleza kwamba juisi inayonyonywa polepole usiku kucha hulisha bakteria wa mdomoni. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, tangu mwaka 2017, hushauri kwamba mtoto asipewe juisi kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwamba wa miaka 1 hadi 3 asizidishe takriban mililita 120 kwa siku, na wa miaka 4 hadi 6 asipite 180, ambacho ni kikombe kidogo cha chai. Chupa ya kulalia sasa ni maji tu.

MamaPongwe

Nawashukuru nyote. Nimesubiri siku kumi ili nisirudi mikono mitupu. Juisi nimeiacha, na choo kimerudi kawaida siku ya tatu. Maembe sasa yako ndani ya beseni juu ya kabati, yameoshwa, na bibi yake ndiye msimamizi wa beseni, jambo lililomaliza ugomvi wa minyoo. Kokwa zimeshuka hadi mbili au tatu. Tatizo lililobaki ni kwamba mtoto amegundua biashara: anakula vijiko vinne vya maharage, ananyoosha mkono na kudai embe lake kama mshahara. Je, niendelee kumlipa?

AfisaLisheMstaafu

Usimlipe, mwanangu, kwa maana atajifunza kwamba maharage ni adhabu na embe ni fidia. Katia vipande vyake kwenye sahani ileile, tangu mwanzo, kando ya wali. Akianza na embe, mwache; vipande vikiisha, visiongezwe hadi mlo unaofuata, na bibi alinde beseni lake.