Naomba ushauri: tairi za Impreza STI (245/40R18) kwa mashimo na mvua za Dar

Mtu wa Mbezi
Habari za majukumu wakuu. Gari ni Subaru Impreza WRX STI, hatchback ya GRB (jina la kiwandani la toleo hili), gia za mkono, rimu za kiwandani inchi 18 zenye upana wa 8.5. Tairi ni 245/40R18, zote nne aina moja, meno yamebaki kama milimita 4. Ya mbele kushoto imeota nundu ubavuni baada ya kudumbukia shimo. Kila siku ni Mbezi Beach kwenda Posta na foleni zake, wikiendi mojamoja Morogoro. Mashindano siendi, ila gari ya namna hii hainunuliwi ili upite kona kama umebeba trei la mayai.

Fundi anasema ninunue mbili tu nifunge mbele. Duka moja Kariakoo hawana saizi yangu, wananiambia 225/45R18 au 235/45R18 "zinaingia tu". Halafu kuna mtumba wa Japani, majina makubwa, bei ya kuvutia. Nataka ishike barabara na isinitupe masika. Nawasilisha.

Difu ya Kati
Hiyo yenye nundu itoe leo. Nundu maana yake nyuzi za ndani ya ubavu zimekatika, kinachozuia upepo ni mpira mtupu. Haina kiraka. Na ikiamua kupasuka haitoi taarifa, hasa ukiwa mwendo wa barabara kuu na tairi imeshapata moto.

Kuhusu mbili tu, hapana. Hiyo gari inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na Subaru wanataka mizunguko ya nje ya tairi zote isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6.4. Ukigeuza kuwa kina cha meno, ni tofauti ya milimita 1 tu. Tairi mpya huja na milimita 8 hivi, zako zina 4. Piga hesabu: mzunguko wa 245/40R18 mpya ni kama milimita 2,052, iliyolika milimita 4 inakuwa karibu 2,027. Kila kilomita moja, za nyuma zitazunguka kama mara sita zaidi ya za mbele. Hadi Morogoro ni zaidi ya mizunguko elfu moja ambayo difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inaimeza huku gari ikienda barabara iliyonyooka, wakati kazi yake ni kufanya hivyo kwenye kona. Oili inachemka, difu inalika, na ukikata kona kali taratibu, kwa mfano kwenye maegesho, utasikia gari kama inashikwashikwa.

Kama mfuko haujakaa sawa mwezi huu, tafuta tairi MOJA ya aina ileile kabisa, meno milimita 3 hadi 5, ujisogeze nayo hadi upate nne. Pima kwa kipimo cha kina, usikubali kukadiria kwa jicho.

Saizi Kwanza
Neno "inaingia" halitoshi, mkuu. Hesabu ni hii: upana (245) mara asilimia ya ubavu (40), mara mbili, jumlisha kipenyo cha rimu, ambacho kwa inchi 18 ni milimita 457.2.

Yako, 245/40R18, inatoa kipenyo cha milimita 653. Ile 225/45R18 inatoa 660, tofauti ya asilimia 1. Zikiwa nne zote haina madhara kwa difu, ila kwa rimu ya 8.5 hapo ndipo mwisho wake, ubavu unavutwa kwenda nje, na umepunguza mpira unaokanyaga chini. Gari itashika kidogo kuliko ulivyozoea. Ile 235/45R18 inatoa 669, zaidi ya asilimia 2. Kwa mwendo uleule spidomita itasoma pungufu kuliko inavyosoma sasa, na usukani ukiugeuza hadi mwisho tairi inaweza kukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi, hasa kama gari imeshushwa. Kama lazima utoke nje ya 245/40, chukua 235/40R18, kipenyo 645, pungufu ya asilimia 1 na kidogo. Lakini 245/40R18 si saizi ya ajabu, usilazimishwe na stoo ya mtu.

Angalia pia namba za uzito na mwendo pembeni ya saizi. 93 ni kilo 650 kwa tairi, 97 ni kilo 730. Herufi W ni kilomita 270 kwa saa, Y ni 300. Huendi mwendo huo, ila tairi ya W au Y imejengwa kuhimili joto, na lami ya Dar saa nane mchana unaijua. Chukua 97Y au 97W zenye alama ya XL, yaani zilizoimarishwa, ubavu wake unavumilia mashimo kidogo zaidi.

Jicho la Gerezani
Mtumba. Siupingi wote, napinga kununua bila kugeuza tairi.

Tafuta herufi DOT, halafu namba nne za mwisho. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Namba kamili huwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukiambiwa "haina tarehe" igeuze upande wa pili. Ikizidi miaka mitano, hata meno yakiwa mazuri, mpira umeshakakamaa. Itakushika vizuri kukiwa kukavu na kukuacha mvua ikinyesha. Kunja ubavu kwa kidole gumba, utaona nyufa nyembamba kama nywele. Iliyopakwa dawa ya kung'arisha, ifute kwanza kwa kitambaa ndipo uangalie. Ndani nako piga tochi: ukiona kiraka karibu na bega, au unga mweusi wa mpira, ambao maana yake iliendeshwa bila upepo. Rudisha.

Na kubwa kuliko yote kwa mtumba wa Japani: neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye theluji. Hizo ni tairi za baridi. Blizzak na iceGUARD ni tairi nzuri sana, kwao. Meno yake yamechanjwa mistari mingi midogo na mpira ni laini ili ufanye kazi kwenye barafu. Kwenye joto letu zinakuwa kama ulimbo, zinalika mbio, kwenye kona gari inayumba juu ya meno, na nyingi zina herufi Q, kikomo kilomita 160 kwa saa. Ukiona meno yamejaa na bei iko chini, angalia neno hilo kabla hujatoa hela.

Kanyaga Twende
Wote mnazunguka. STI ivalishwe kiume. Treadwear (namba ya ulikaji, ikiwa ndogo tairi inalika upesi) 200, Dunlop Direzza ZIII au Bridgestone RE-71RS. Kona zote unazila.

Saizi Kwanza
@Kanyaga Twende, kwa siku ya mashindano nakubaliana nawe. Kwa mtu wa Mbezi kwenda Posta, hapana. Tairi hizo zina mistari michache, na maji hupita kwenye mistari. Mvua ya Aprili, maji yamesimama Bagamoyo Road, gari inaelea na hiyo gundi yote haigusi lami. Zinavuma, zinaokota kokoto, na zinaisha upesi. Namba ya treadwear yenyewe kila kiwanda kinajipangia, kwa hiyo 300 ya huyu si lazima iwe sawa na 300 ya yule, ila 200 na 300 ni dunia mbili tofauti.

Daraja lake ni tairi za michezo za barabarani: Michelin Pilot Sport 4S au Pilot Sport 5, Continental SportContact 7, Bridgestone Potenza Sport, Goodyear Eagle F1 Asymmetric. Chini kidogo kwa bei kuna Hankook Ventus S1 evo3, Falken Azenis FK510 na Kumho Ecsta PS71, na kwa matumizi haya sioni aibu yoyote kuzifunga. Kati ya Potenza Sport na Pilot Sport 5, mimi kwa Dar nachagua Pilot Sport 5: makali ya kona yamepungua kidogo, ila haiishi haraka na kwenye maji imetulia.

Mpya ya Kichina usiidharau moja kwa moja wala usiichukue kwa jina. Dai karatasi ya lebo ya Ulaya inayobandikwa kwenye meno. Ina herufi ya mshiko kwenye maji, A hadi E. Ikiwa A au B, tunaongea. C kushuka chini, kwa gari yenye nguvu hizo, bora mtumba mzuri wa miaka miwili.

Mtu wa Mbezi
Shukrani wakuu, nimeelewa: nne, 245/40R18, nisome tarehe. Mawili ya mwisho. Je, kushuka rimu ya 17 kwa ajili ya mashimo kuna maana? Na nifungie wapi, maana hapa mtaani fundi pancha ana vyuma viwili na nyundo.

Difu ya Kati
17 ina maana sana kwa barabara zetu. 245/45R17 ina kipenyo cha milimita 652, ni ileile yako, na ubavu unapanda kutoka milimita 98 hadi 110. Hizo 12 za ziada ndizo zinazookoa rimu shimoni. Shida ni breki: kama una breki kubwa za Brembo, si kila rimu ya 17 inapita juu ya kalipa, ile inayobana diski. Tafuta 5x114.3 (matundu matano ya nati na kipenyo cha duara lake), upana 8, offset (umbali wa sehemu ya kufungia kutoka katikati ya rimu) karibu 53 kama zile za STI za 2005 hadi 2007. Funga rimu tupu mbele kwanza, kaza nati, zungusha kwa mkono. Kati ya kalipa na rimu ibaki nafasi ya milimita 3 au zaidi. Ndipo ununue tairi.

Fundi Upepo
Vyuma viwili na nyundo, kimbia. Ubavu mfupi unapindwa kwa nguvu, waya wa mdomo unavunjika, na tairi mpya inaanza kuvuja au kuyumba siku hiyohiyo. Tafuta gereji yenye mashine ya mkono wa msaada. Simama hapohapo wakifanya, wala usione haya.

Tairi yenye neno OUTSIDE, neno hilo litazame nje, kushoto na kulia. Yenye mshale wa ROTATION, mshale uelekee mbele. Nukta ya njano ndiyo sehemu nyepesi, wailinganishe na valvu. Valvu ziwe mpya zote nne. Baada ya hapo balansi, na uzito ubandikwe ndani ya rimu, usigongwe ukingoni. Nati za Subaru ni M12x1.25, bunduki ya upepo isimalizie, zikazwe kwa spana yenye kipimo, karibu Nm 100, kwa mpangilio wa nyota, na zirudiwe ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

Siku hiyohiyo fanya alaimenti. Gari imedumbukia shimo hadi tairi ikatoa nundu, ukiacha hivyo utaona bega la ndani limelika hadi waya huku nje kukiwa kuzima. Matairi ya mbele yasiangaliane wala kuachana, yawe karibu na sifuri, na karatasi ya vipimo vya kabla na baada uondoke nayo.

Upepo fuata stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi kabla hujatoka. Ukipima umetoka foleni utakuta umepanda, usiutoe. Wale wanaojaza 40 kila gari, waambie namba unayotaka. Kilomita 300 za kwanza nenda taratibu, mpira una mafuta ya kalibu juu yake. Halafu kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hamisha za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, ili zilike sawa.

Ukipata pancha: tundu katikati ya meno lisilozidi milimita 6 linazibwa kwa kiraka chenye mkia kutoka ndani, si kamba ya kuchomeka na kusahau. Ubavuni halizibwi, na usikubali kuwekewa tyubu.

Difu ya Kati
Nyongeza ya spea: ukifunga ile nyembamba, zima otomatiki ya difu ya kati, weka ya mkono (manual), kiduara cha kuirekebisha kiwe upande wa wazi kabisa ili difu isikaze, na uende nayo hadi kwa fundi tu.