Popuri ya dukani haikai na harufu. Kuna anayetengeneza yake?

MamaPacha_Tabata
Habari zenu. Nimepanga ghorofa ya chini kabisa huku Tabata, na masika haya nyumba inanuka uvundo, hasa chumba cha wageni na kabati la nguo. Udi siwezi kuchoma, mmoja wa mapacha wangu ana pumu na moshi humwamshia. Nikanunua popuri, ile mifuko ya maua makavu yenye manukato, kwenye supamaketi moja hapa mjini, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mume wangu naye anapita humu. Mwezi haujaisha, harufu kwaheri, imebaki rangi. Nimeimwaga mezani nikaichambua: ni maranda ya mbao yaliyotiwa zambarau na vitunda vigumu nisivyovijua, ua halimo. Je, mtu anaweza kutengeneza yake kwa vitu vya Kariakoo ikashika harufu kweli, au hili ni pambo la meza tu?

FundiBomba_Segerea
Dada, kabla ya maua: hicho chumba cha wageni kina bafu lake? Kama halitumiki, mwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sakafuni. Chini yake bomba lina kona inayotakiwa kubaki na maji ili kuzuia hewa ya shimo. Bafu lisipotumika maji yanakauka, harufu inapanda. Naitwa sana kwa kazi hii, nakuta watu wameshamaliza makopo ya manukato.

BibiWaKikwajuni
Mwanangu, fundi kasema la maana, anza na hilo. Ukuta wenye ukungu uusugue kwa siki, ukauke, na kabati ulisogeze kiganja kimoja kutoka ukutani hewa ipite. Kutia manukato juu ya ukungu ni kujipaka mafuta bila kuoga.

Haya, tuje kwenye maua. Harufu ya ua ni nyepesi, huruka. Lazima uipe kitu kizito cha kuishika. Ulaya hutumia mzizi wa iris uliosagwa. Sisi tuna sandali ya unga, tuna ubani uliotwangwa, tuna karafuu. Hayo maranda yako yamenyunyiziwa mafuta juu juu, mafuta yakaruka, basi.

Mawaridi usinunue kwenye maduka ya maua, yale ya shina refu yanayolimwa Arusha na Naivasha. Yamezalishwa yakae siku nyingi kwenye chombo, yasafirishwe yasiharibike. Harufu haikuwa hesabu yao. Yanuse mwenyewe. Tafuta waridi la uani, la pinki, linalopukutika ukiligusa. Huna jirani mwenye nalo, waulize wauza viungo kama wana vitumba vya waridi vilivyokaushwa, ila hivyo havifai kwa njia ya chumvi nitakayokueleza.

Na asumini usiikaushe! Najua ndilo ua litakalokujia kwanza. Asumini kavu ni takataka, harufu yote imekwenda. Ndiyo maana kikuba, kile kishada cha asumini cha kujipambia, hufungwa jioni kikavaliwa usiku uleule. Asumini itie kwenye kisahani cha maji, ifunguke magharibi, asubuhi uitupe. Rihani inavumilia kidogo. Mchaichai na ganda la ndimu vinakauka vizuri.

Kukausha ni kivulini, kwenye ungo, si juani. Jua hula rangi na harufu pamoja. Lakini kwa masika ya Dar hutakausha kitu, petali zitaota ukungu ungoni. Kwa hiyo nakupa njia ya chumvi, ambayo ndiyo popuri ya zamani hasa, kabla hawajaanza kuuza maranda.

Petali za waridi zianike ndani, mbele ya feni, mpaka zilegee zipungue maji, lakini ukizikunja zisivunjike. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Panga viganja vitatu vya petali, kimoja cha chumvi ya mawe, tena petali, tena chumvi. Juu weka kisahani na jiwe safi lishindilie. Funika. Kila siku koroga kwa mwiko mkavu. Zitatoa maji, usishtuke, koroga tu. Baada ya wiki mbili hivi zimeshikamana zimekuwa donge la kahawia. Livunje kwa vidole, uchanganye na viungo: karafuu, vijiti vya mdalasini, maganda ya iliki (punje zipeleke kwenye pilau), ganda la ndimu lililokauka, na vijiko viwili vitatu vya unga wa sandali. Rudisha kwenye chupa, funga kabisa, weka gizani mwezi mzima ukiitikisa mara kwa mara. Ukifungua mapema utanusa chumvi na mdalasini, kila kimoja kivyake. Mwezi ndio unaovipatanisha.

Karafuu nayo ina macho yake. Ibane kwa ukucha: nzuri inatoa mafuta, ukucha unang'aa. Isiyotoa ni kuukuu, au imeshakamuliwa ikauzwa tena. Igonge kinuni mara moja tu, kichwa kipasuke. Ukiisaga, nyumba yote itanuka daktari wa meno.

Nikuonye: haipendezi machoni. Ni ya kahawia, haina ua hata moja la kuonekana, kwa hiyo usitafute bakuli la kioo. Itie kwenye chombo cha kauri chenye mfuniko. Wageni wakibisha hodi, funua, wakiondoka, funika. Hapo inakaa miaka. Iliyoachwa wazi mchana na usiku haidumu, hata uitengeneze vipi. Mimi nikitaka harufu nyepesi ya kutwa naondoa mfuniko naweka kawa, kile kifuniko cha ukili, juu, inapenya kidogo kidogo na inzi haingii.

Kabati la nguo ni jambo jingine, chumvi usiipeleke huko, inavuta unyevu. Shona vifuko vya bafta, tia karafuu, mdalasini na mkadi mkavu, lile ua la pwani lenye harufu kali, ukiupata. Mama zetu waliweka mkadi kwenye masanduku ya nguo. Kifuko kisiguse kanzu nyeupe, mafuta ya karafuu yanaacha doa.

Huyo mwenye pumu: chumbani kwake usiweke, na mafuta ya chupa usiongeze. Wengine huamshiwa na harufu tu, hata bila moshi. Anza sebuleni, madirisha wazi, umwangalie. Akikohoa, itoe, usibishane naye.

MjukuuWaPemba_Muscat
Shikamoo bibi. Huku Oman, Jabal Akhdar, mawaridi huchumwa alfajiri mwezi wa Aprili, wakayachemsha kupata marashi. Nyumbani kwetu popuri ikichoka tunainyunyizia hayo marashi kwa mrashi, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia, inaamka.

BibiWaKikwajuni
Marahaba mwanangu. Inaamka leo, keshokutwa ina ukungu. Marashi ni maji hayo. Mrashi ni wa mikono ya wageni na maulidi. Popuri ya chumvi inaweza kustahimili kijiko kimoja, ile kavu kabisa usiiguse. Ukitaka kuiamsha, dondosha mafuta ya waridi kwenye unga wa sandali, uache unywe, ndipo uchanganye. Na hilo si la nyumba yenye pumu, MamaPacha, usijifanye hukuona.

MamaPacha_Tabata
Nimeona bibi, asante sana. Waridi la uani lipo kwa mama mwenye nyumba, nitaomba kwa adabu. Fundi, nimemwaga ndoo mbili kwenye lile tundu na tangu jana chumba cha wageni kimetulia. Mume wangu anauliza ile mifuko ilikuwa ya nini. Bibi, swali la mwisho: nina paka, anapanda kila meza.

BibiWaKikwajuni
Karafuu na mafuta yake ni sumu kwa paka, na chumvi nyingi vilevile. Chombo kiwe na mfuniko mzito, ukiwekee kabati la juu lenye mlango, ukitoe wageni wakija. Kawa usiitumie wewe, ataipindua.