Mechi ya kombe Jumamosi Amri Abeid: viongozi, hebu tuambieni wenyeji ni nani

Wakuu salaam, ila leo sina salaam ndefu. Nimekereka.

Jumamosi chama letu la daraja la chini linawakaribisha vigogo wa Kariakoo, moja ya zile mbili kubwa za Dar, Simba na Yanga, kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini. Jina la timu yetu silitaji, machalii wa Chuga, yaani Arusha, mnaijua. Ni mtoano, mechi moja, hakuna marudiano, ukipigwa unarudi kwenye vumbi lako. Timu ya daraja letu bahati kama hii inaweza kuisubiri miaka kumi isiione. Sasa oneni wenye timu wanavyoichezea.

Anza na bango. Limetolewa na uongozi WETU, sio wa wageni. Straika wao na winga wao wamejaa bango zima, mpaka jasho kwenye nyusi unaliona. Nembo yetu ipo kona ya chini, imebanwa na namba ya kulipia tiketi. Mchezaji wetu hata mmoja hayupo. Kapteni aliyetubeba msimu mzima, mtoto wa Unga Limited, hakustahili hata picha ya pasipoti?

Kiingilio sasa. Mechi za ligi mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini, ni buku mbili, na siku nyingine kipindi cha pili geti linaachwa wazi watu wajiingilie. Jumamosi mzunguko ni elfu kumi. Mwenye kadi ya uanachama? Elfu kumi. Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la wanachama, mjumbe mmoja wa kamati akanijibu: "Mzee hii ni mechi ya mapato, wenye hela watakuja." Watakuja kweli. Watakuja na jezi za wageni, wakae jukwaa kuu, na sisi tuliopigwa mvua na hawa vijana tangu ligi ianze tutasikilizia goli nje, pale kwa wauza mahindi ya kuchoma.

Nikauliza na la mishahara. Grupu zima kimya. Kisha admini akanitoa.

Nendeni mazoezini asubuhi mjionee. Beki wetu wa kulia kiatu kimeachama mdomo, anakizungushia bandeji ile ya kufungia kifundo cha mguu. Mazoezi yakiisha anaifungua, anaikung'uta vumbi, anaikunja vizuri na kuitia mfukoni, maana kesho ataihitaji. Maji ya kunywa wanachangishana. Nauli ya kifodi wanaombaomba kwa mashabiki waliokuja kuwaangalia. Huyo ndiye Jumamosi anatakiwa amkabe mtu anayelipwa mamilioni kwa mwezi. Na atamkaba, mimi nimeshamwona kazini. Namwamini yeye kuliko wote wanaovaa suti pale ofisini.

Na asije mtu hapa kuniambia haiwezekani. Desemba 2017 Green Warriors, watoto wa daraja la pili, waliwatoa Simba kombe hili hili kwa penalti, tena Simba wakiwa mabingwa watetezi. Haukupita muda kocha Joseph Omog akatimuliwa. Desemba 2018 Mashujaa wa Kigoma wakaja Dar wakiwa daraja la kwanza, yaani ngazi moja chini ya Ligi Kuu, wakawapiga Simba 3-2. Hao walishinda kule kule Dar! Sisi mechi ipo nyumbani, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgeni katoka kwenye joto la pwani, ikifika dakika ya 70 kifua kinaanza kumbana. Uwanja ukijaa watu wetu wanaopiga kelele dakika tisini, mbona tunatoboa.

Ndiyo maana nasema mechi hii imeshauzwa. Sijasema mtu kapokea bahasha, msininukuu vibaya. Waliouza wameuza kelele. Wameuza uwanja. Shabiki wetu kafungiwa nje kwa bei, wa mgeni kawekewa kiti, halafu vijana wataingia pale wazomewe nyumbani kwao kila wakigusa mpira.

Watu wa Arusha kushabikia Kariakoo mimi sina ugomvi nalo. Mzee wangu nyumbani ni Jangwani damu, yaani Yanga. Fainali za kombe hili zilipoletwa hapa Amri Abeid, 2018 Mtibwa na Singida United, 2022 Yanga na Coastal, nilifurahi na mji wangu. Zile zilikuwa za wageni kwa wageni. Ila kiongozi wa timu anayekula posho yetu kwenda uwanja wa ndege wa KIA kupokea wapinzani huku kavaa skafu YAO, na picha kaweka mwenyewe statasi na vikopakopa vya mapenzi? Vijana walipotoka Kanda ya Ziwa na sare ya ugenini, basi limewafia njiani, wakaingia stendi usiku wa manane, mbona hakuonekana? Alikuwepo mzee mmoja wa Ngarenaro na vuvuzela lake, basi.

JKT Oljoro walishuka 2014, na kuanzia hapo Ligi Kuu tunaiangalia kwenye TV za kibanda umiza. Moshi kwa majirani angalau walifaidi misimu michache na Polisi Tanzania kabla nao hawajashuka 2023. Tunaambiwa tutulie, uwanja wa AFCON 2027 unajengwa Olmoti, wa watu elfu thelathini. Safi sana. AFCON ikiisha atachezea nani humo, wakati timu za mkoa zinaongozwa na watu wanaosherehekea kupangwa na mkubwa kuliko kumfunga?

Mweka hazina, najua unapitaga humu kimya kimya. Hela ya Jumamosi ikihesabiwa, wachezaji wawili wakae hapo mezani. Mishahara itoke usiku huo huo, kabla hamjakumbuka posho za vikao. Na ile jezi yetu ya nyumbani ambayo kila tukiuliza "iko kwa mzabuni", leteni hata hamsini tu, tutanunua getini kwa hela zetu. Jana nimepita pale nje ya uwanja, wachuuzi wametundika jezi na skafu ukuta mzima, ya kwetu hakuna. Nilipoiulizia yule kijana akaniuliza, "Hiyo ni timu ya wapi, braza?" Wapi! Anauza jezi mita chache kutoka geti letu!

Elfu kumi nimeshakopa, nitaingia. Wenye ngoma na mavuvuzela tukutane getini saa saba, kabla hawa watu hawajajaza mzunguko. Aliye na tarumbeta anicheki inbox, la kwetu limepasuka.