Kuitembea Mkomani, Lamu, bila mtembezaji: tuanzie wapi?

Bint_Kilindini: Assalaam alaykum. Tunakuja Lamu watu wanne na tunataka kuona nyumba za kale za Mkomani kwa miguu, asubuhi moja, wenyewe. Tuanzie wapi? Kwenye picha naona kuta tupu na vichochoro tu. Na tukipotea je?

Mwana_Mkunguni: Waalaykum salaam dada. Anzieni Mkunguni, mbele ya Ngome, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Shikeni Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji, kuelekea kaskazini. Zamani ufuko ulikuwa karibu na njia hiyo. Majumba yanayotazama bahari leo yamesimama kwenye ardhi iliyojazwa baadaye, kwa hiyo nyumba kongwe msizitafute forodhani. Pandeni vichochoro vya kushoto.

Ukuta kuwa mtupu ni makusudi. Nyumba hutazama ndani, kwenye kiwanda chake, yaani ua wa ndani, ili watu wa ndani wasionekane. Mapambo ya nje yako mlangoni: daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili, mgeni anapopokelewa, na mfaa, yaani mti wa katikati ya mlango, ulionakshiwa kati ya mbao mbili. Nyuma ya mlango ukumbi hupinda, hivyo hata ukiwa wazi mpita njia haoni kitu.

Sasa inueni macho. Chumba kinachovuka njia kuunganisha nyumba mbili ni wikio. Simameni chini yake mtaziona boriti za mikoko zimepangwa, na juu yake mawe na chokaa. Mzigo ule ni mzito, boriti haziwezi kuuvusha zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba.

Mkipotea, angalieni mtaro. Mji uko kwenye mteremko, maji hushuka baharini. Yafuateni.

Fundi_Chokaa: Maelezo mazuri, ila mimi ningetanguliza makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, hapohapo Mkomani. Ukishaona misana (vyumba virefu vya ndani) na zidaka (vishubaka) za ukuta wa ndani, nje utaelewa unachokipita.

Tazameni pia kuta kuanzia magotini kushuka chini. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini. Lipu ya chokaa huuacha utoke. Mtu akipaka saruji, unyevu unanaswa, lipu inavimba na kubambuka mabamba mabamba, na jiwe nyuma yake linamung'unyika. Inasikitisha, kwa sababu chokaa ipo na mafundi wapo.

Bint_Kilindini: Ahsanteni sana. Magofu yaliyo wazi tunaweza kuingia?

Fundi_Chokaa: Hapana dada, tafadhali. Dari likishatoboka, mvua huozesha ncha za boriti ndani ya ukuta, mahali usipopaona, na sakafu ya juu huanguka nzima. Tena yana wenyewe. Baraza nazo ni za watu: toeni salamu kwanza, na msimpige mtu picha bila idhini yake.