Mt. Barbara wa Rubens, mbona kama hajamaliziwa?

Mama Rangi: Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko London kanitumia picha aliyopiga jumba la picha la Dulwich, kibao kidogo alichochora Rubens, mchoraji wa zamani, Mtakatifu Barbara anakimbilia juu mnarani na baba mtu yuko nyuma na upanga. Nimezuum naona rangi nyepesiii, kama brashi imepita mara moja tu ikaondoka. Hivi imeisha hii au jamaa alichoka? Na mbona kama nawatazama nikiwa nimelala chini?

Fundi Turubai: Shikamoo mama. Hajachoka, hiyo ni ya kuandalia kazi kubwa. Mwaka 1620 mapadri Wajesuiti wa Antwerp, Ubelgiji, walimpa tenda ya picha 39 za darini kanisani kwao, ndo maana unawaona toka chini, na mkataba ulisema hivi vidogo avichore mwenyewe kwa mkono wake, zile kubwa wasaidizi wake, akina Van Dyck na vijana wengine, wazijaze halafu yeye aje kuweka sawa. Kuhusu wepesi, ubao wa mwaloni anaupaka nyeupe kwanza, juu yake anapitisha kahawia nyembamba na brashi pana, hasawazishi, mistari inabaki. Penye kivuli anaiacha hivyohivyo, rangi nzito anaweka penye mwanga tu. Nimejaribu kwenye plaiwudi, bega likatokea lenyewe sijaligusa mara mbili

Kaka Brashi: Mi niliruka hiyo hatua parokia fulani, nikaingia ukutani moja kwa moja, nashuka kwenye jukwaa naangalia mkono wa Mt. Yosefu unafika gotini 😂 kamati ikakata nusu ya hela, na sikuwa na la kujitetea

Mama Rangi: Marahaba mwanangu. Pole Kaka Brashi lakini nimecheka. Sasa hiyo kubwa ya Barbara bado ipo huko darini?

Fundi Turubai: Haipo mama. 1718 radi ilipiga kanisa, dari yote ikaungua, 39 zote. Tunachojua kuhusu rangi zake kinatoka sana kwenye vibao kama hicho alichopiga binti. Na mkataba ulimpa achague, awakabidhi Wajesuiti vibao vyote au awachoree picha nyingine ya altare, kwa hiyo hata wao hawakuviona takataka

Kaka Brashi: Ngoja ngoja, radi?? Si Barbara huyuhuyu watu wanamwomba awakinge na radi, kwa sababu baba yake alimkata kichwa kisha radi ikampiga huyo baba?

Fundi Turubai: Huyohuyo. Naye alikuwa palepale darini

Mama Rangi: Yesu na Maria. Namwambia binti kesho arudi anipigie nyingine, ile ya leo imeingia mng'ao wa taa